Imebaki miaka mingapi? Upungufu mdogo wa utambuzi na ugumu wa kubashiri demensia

Mama mkubwa anauza ndizi Uyole, hapa Mbeya, tangu mimi nikiwa darasa la tatu. Mikungu hushuka kutoka Tukuyu alfajiri, naye huichambua kwa jicho tu: huu wa kupika, huu wa kuivisha, huu utanitia hasara. Ikifika saa mbili asubuhi anajua siku itamwachia kiasi gani. Mwishoni mwa mwaka jana akaanza kuwarudishia wateja chenji mara mbili. Akawa ananiuliza habari ambayo nimemjibu asubuhi ile ile. Siku alipotia chumvi kwenye chai kwa mara ya pili, mwanawe mkubwa akaona basi, akampeleka hospitali. Walirudi na karatasi yenye maneno ambayo hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kuyasikia: upungufu mdogo wa utambuzi.

Jumapili baada ya ibada kikaitwa kikao. Chai haijamiminwa, kaka ameshauliza: "Kabla hajatusahau kabisa, imebaki miaka mingapi?" Mpwa wangu akatoa simu, akatusikilizisha sauti inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba Wamarekani wamepata kipimo cha damu kinachokuambia mapema kabisa kuwa utapata ugonjwa wa kusahau. Shangazi, dada wa marehemu baba mkubwa, hakuhitaji kipimo. Kwake lile lilikuwa jambo la mkono wa mtu, na jirani wa kumnyooshea kidole alikuwa naye tayari. Mama mkubwa alikuwa amekaa hapo hapo anamenya viazi. "Mnaongea kama vile nimeshazikwa," akasema, na kisu hakikusimama.

Swali la kaka si la kijinga. Watafiti wa ubongo wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 25: kati ya watu wenye upungufu mdogo, nani ataendelea hadi demensia, nani atabaki pale pale, nani atarudi kuwa kama zamani? Majibu yapo, ila hayako katika umbo alilolitaka kaka.

Tuanze na majina

Utambuzi ni kazi zote za akili kwa pamoja: kukumbuka, kupata neno unalolitaka, kufuata mazungumzo, kupanga, kuhesabu, kujua uko wapi na leo ni siku gani. Kazi hizo zikipungua kuliko umri unavyoruhusu, lakini mtu bado anaendesha maisha yake mwenyewe, daktari huandika upungufu mdogo wa utambuzi. Zikipungua hadi mtu hawezi kuendesha maisha bila kushikwa mkono, hiyo ni demensia, ambayo mitaani tunaiita ugonjwa wa kusahau, au tunasema tu "bibi amerudi utotoni".

Kwa hiyo mpaka hauwekwi kwa kuhesabu vitu vilivyosahauliwa. Unawekwa kwa kuangalia siku ya mtu inavyokwenda. Bibi anayesahau alipoweka funguo, akazitafuta na kuzipata, amezeeka, basi. Bibi anayechelewa kupiga hesabu ya chenji, anayeandika madeni kwenye daftari kwa kuwa hajiamini tena, lakini anapanda daladala hadi Mwanjelwa, ananunua alichokusudia na kurudi, huyo anaingia kwenye upungufu mdogo. Anayefika Mwanjelwa akashindwa kurudi kwenye nyumba aliyokaa miaka 40, au anayeshika ufunguo asijue unafanya kazi gani, ameshavuka.

Demensia nayo si jina la ugonjwa mmoja. Ifikirie kama homa: mtu anachemka, lakini inaweza kuwa malaria, taifodi au nimonia. Chanzo kinachoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mbele ya wenzake mwaka 1906. Ndani yake protini mbili, amiloidi na tau, hujikusanya kwenye ubongo kwa miaka mingi kabla dalili hazijaonekana. Chanzo kingine kikubwa ni mishipa ya damu: kiharusi, au viharusi vidogo vidogo ambavyo mwenyewe hata hakuvihisi. Wazee wengi wana mchanganyiko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na demensia, na zaidi ya 60 katika kila 100 kati yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Anayedhani huu ni ugonjwa wa Wazungu amepitwa.

Vigezo vya upungufu mdogo vinavyojulikana zaidi vilichapishwa mwaka 1999 na daktari Ronald Petersen na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani. Walitaka kuwapata watu waliosimama mlangoni, kabla hawajaingia. Kilichokuja kuonekana baadaye ni kwamba wengi wa waliosimama mlangoni hawakuwa na safari ya kuingia.

Gunia la viazi

Takwimu inayonukuliwa kila mahali ni kwamba katika kila watu 100 wenye upungufu mdogo, 10 hadi 15 huvuka na kuingia demensia kwa mwaka mmoja. Kaka alipoisoma kwenye simu akapiga hesabu papo hapo: kumi kila mwaka, miaka kumi, mia. Wamekwisha wote. Hesabu hiyo ndiyo inayowanyima watu usingizi, na ina makosa mawili.

La kwanza ni la darasani. Asilimia 10 ya mwaka wa pili inatoka kwa 90 waliobaki, si kwa 100. Ukiendelea hivyo, baada ya miaka 10 wanabaki kama 35 ambao hawajavuka. Si mia wala karibu na mia.

La pili ndilo lenye uzito. Yeyote aliyewahi kuhifadhi viazi anajua kwamba gunia halioi kwa mwendo mmoja. Wiki za kwanza unatoa vingi: vile vilivyokatwa na jembe, vilivyopondeka chini ya lumbesa, vilivyonyeshewa barabarani. Ukishavitoa hivyo, vilivyobaki vinakaa miezi. Mtu aliyehesabu vilivyooza wiki ya kwanza tu, akazidisha kwa wiki zote, angeapa kwamba kufikia Krismasi hakuna kiazi. Kundi la wenye upungufu mdogo lina tabia hiyo hiyo. Ndani yake wamo ambao Alzheimer imeshaanza kazi chini kwa chini, hao huvuka mapema. Wamo pia wenye huzuni ya msiba, wenye tezi isiyofanya kazi sawasawa, wasiolala, na wale ambao walikuwa hivyo hivyo tangu ujana ila hakuna aliyewahi kuwapima. Mwaka 2009 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 41 zilizowafuata watu hao kwa miaka. Ulikuta kwamba wengi wao hawakuwa wamefika kwenye demensia hata baada ya miaka 10.

Chama cha wataalamu wa mishipa ya fahamu cha Marekani kilipotoa mwongozo wake mwaka 2018 kilitaja namba iliyotulia zaidi: kwa wenye upungufu mdogo waliozidi miaka 65, karibu 15 katika 100 huwa wamepata demensia ndani ya miaka miwili. Mwongozo huo huo ulionyesha kwamba sehemu isiyo ndogo ya watu hao, kutegemea utafiti, walipopimwa tena baadaye walionekana wamerudi kwenye hali ya kawaida. Nilipomsomea mama mkubwa sentensi hiyo aliinua macho kutoka kwenye viazi kwa mara ya kwanza. Nililazimika kuongeza kipande cha pili, ambacho sauti za WhatsApp hukiacha: waliorudi bado wako kwenye hatari kubwa kuliko wenzao ambao hawakuwahi kupungukiwa. Kurudi si kupona moja kwa moja.

Wingu la Tukuyu na wingu la Usangu

Uchambuzi ule wa 2009 una jambo jingine ambalo naona ndilo muhimu kuliko yote, na sijaona likielezwa kwa Kiswahili. Watu waliopatikana kwenye kliniki za kumbukumbu walivuka kwa kasi ya karibu 10 katika 100 kwa mwaka. Wale waliopatikana mitaani, kwa mtafiti kupita nyumba kwa nyumba, walivuka kwa karibu nusu ya kasi hiyo, kama 5. Hali ni ile ile kwenye karatasi. Tofauti ni mahali walikookotwa.

Huku kwetu hilo halihitaji chuo. Wingu jeusi likisimama juu ya Tukuyu saa nane mchana, mwenye mahindi juani anakimbia. Wingu lile lile likisimama juu ya tambarare ya Usangu, mtu anaendelea na shughuli zake, kwa kuwa linaweza kupita bila kudondosha tone. Wingu halijabadilika. Kilichobadilika ni uzoefu wa mahali: Tukuyu hunyesha sana, Usangu hunyesha kidogo, na dalili yoyote ya mvua lazima isomwe juu ya uzoefu huo. Mtu anayepelekwa kliniki ya kumbukumbu ameshachujwa. Familia imeona kitu, zahanati imeona kitu, barua ya rufaa imeandikwa. Huyo ni wa Tukuyu. Bibi aliyekutwa kibarazani akaulizwa maswali kumi na mtafiti mgeni ni wa Usangu.

Sasa turudi kwenye kipimo cha damu cha mpwa wangu. Kipo kweli. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha cha kwanza cha aina yake, kinacholinganisha kwenye damu aina fulani ya protini tau na protini amiloidi. Sauti ile haikusema kwamba kiliruhusiwa kwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili, wakiwa mikononi mwa wataalamu, na kwamba daktari anatakiwa kukisoma pamoja na mambo mengine. Kwa nini masharti yote hayo? Tufanye hesabu ya kubuni, kwa namba rahisi. Chukua kipimo kinachopatia mara 90 katika 100. Kipeleke kliniki ambako nusu ya watu 100 wana ugonjwa kweli: kitawanasa 45 wenye nao na kuwasingizia watu 5 wasio nao. Ukiambiwa unao, karibu ni kweli. Kipeleke sokoni ambako 10 tu kati ya 100 wanao: kitawanasa 9, na kitawasingizia wengine 9. Hapo jibu la "unao" lina nguvu sawa na kurusha sarafu. Kipimo ni kile kile, wingu ni lile lile.

Na hata jibu likiwa sahihi, linajibu swali jingine. Linasema alama za Alzheimer zimo kwenye ubongo. Halisemi lini zitamfikisha mtu kwenye demensia, na wako wazee wenye amiloidi kichwani wanaokufa kwa ugonjwa mwingine kabisa wakiwa bado wanawataja wajukuu wote kwa majina. Binafsi naona faida kubwa ya kipimo kama hicho iko kwenye jibu la "hapana": likija, daktari anajua aelekeze tochi kwingine.

Kiazi kipi kimepondeka?

Kundi likishaeleweka, kazi inayobaki ni kumtazama mtu mmoja mmoja. Wataalamu hawaangalii kitu kimoja. Wanapima mizani yenye mawe mengi, na baadhi ya mawe ni mazito kuliko mengine.

La kwanza ni aina ya kusahau. Mtu akipewa maneno ya kukumbuka kisha akashindwa, anapewa kidokezo: "Lilikuwa jina la tunda." Akidaka papo hapo, "Aa, parachichi!", maana yake neno liliwekwa kabatini, shida ni kulitafuta. Hiyo huweza kuletwa na uchovu, huzuni au mishipa ya damu. Lakini kama kidokezo hakisaidii kitu, na hata kuambiwa kwamba kulikuwa na maneno ni habari mpya kwake, basi neno halikuwahi kuwekwa. Kusahau kwa namna hiyo ndiko kunakoelekea zaidi kwa Alzheimer, hasa kukiambatana na upungufu mwingine kama kupotea njia au kukosa mpangilio.

Jiwe la pili ni anayelalamika. Mtu anayekuja mwenyewe akisema "daktari, nasahau sana" anaweza kuwa na msongo tu. Mwenye kuleta hofu ni yule anayesema yuko sawa kabisa wakati aliyeishi naye anatikisa kichwa nyuma yake. Ndiyo maana ushahidi wa mtu wa nyumbani una uzito hata kama hajui kusoma: lini ilianza, inazidi au imesimama, nani sasa anashika pesa, nani anamkumbusha dawa.

Kisha umri, ambao hauna mjadala. Kisha kisukari, presha na historia ya kiharusi. Kisha mwendo: mzee ambaye kumbukumbu imepungua na hatua zake nazo zimekuwa za polepole anabeba hatari zaidi ya mwenye moja tu. Penye mashine ya kupiga picha za ubongo, wataalamu hutazama sehemu ndogo yenye umbo kama la kifarasi cha baharini, ambayo kazi yake ni kuhifadhi kumbukumbu mpya. Ikisinyaa, mizani inainama. Kuna pia aina fulani ya jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo APOE4, inayoongeza hatari ya Alzheimer. Hapa ndugu wengi huruka: "Bibi alikuwa nao, mama anao, basi na mimi." Kuwa na jeni hiyo si hukumu, na kutokuwa nayo si kinga.

Tena, sehemu kubwa ya hesabu hizi imepigwa kwa watu wa Ulaya na Marekani. Watafiti waliowalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis walichapisha mwaka 2001 kwamba demensia mpya zilikuwa karibu 1.35 kwa kila watu 100 kwa mwaka kule Ibadan, dhidi ya 3.24 kule Indianapolis. Na kwa Wayoruba jeni ile haikuonyesha uzito uleule. Ukichukua kikokotoo kilichotengenezwa Minnesota ukamwingizia muuza ndizi wa Uyole, kitakupa namba, tena yenye desimali. Namba hiyo haimhusu.

Vijiti vya kiberiti

Kwenye hospitali ya kwanza, ambayo sitaitaja, mama mkubwa alipewa penseli achore saa ya ukutani na kuandika sentensi. Alisoma hadi darasa la nne. Mara ya mwisho kushika kalamu kwa kazi isiyo ya madeni sijui ilikuwa lini. Akachora duara lililoinama, akaanza kutoka jasho, akaiweka penseli chini. "Mimi saa naitazama, sijawahi kuichora." Alama zikashuka, na karatasi ikaandikwa.

Vipimo vingi vinavyotumika duniani vilitungwa kwa watu waliokaa darasani. Kile maarufu cha alama 30 kilichapishwa mwaka 1975, na kingine cha alama 30, cha mwaka 2005, huongezea alama moja mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu, kana kwamba alama moja inaziba pengo la mtu ambaye hajawahi kushika kalamu. Kumbe hapa hapa Tanzania, wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walikwisha kutengeneza kipimo kifupi kinachoitwa IDEA ambacho hakihitaji kusoma wala kuandika. Mtu anaulizwa daraja ni kitu gani. Anaulizwa leo ni siku gani na kiongozi wa kijiji ni nani. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anapewa maneno 10 ayakumbuke baadaye. Na badala ya penseli, anapewa vijiti vya kiberiti aunde umbo alilooneshwa. Ni wilaya hiyo hiyo ya Hai iliyotupa picha ya ukubwa wa tatizo vijijini: kati ya wazee wa miaka 70 na zaidi, karibu 6 katika 100 walikutwa na demensia.

Ziara ya pili tulikwenda kwingine, na muuguzi aliyekijua kipimo hicho akampanga mama mkubwa mbele ya meza. Kwenye wanyama alikwenda mbio: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, akahamia wa porini, akarudi kwa kuku. Kwenye vijiti muuguzi aliunda umbo, akalivuruga, akasukuma vijiti upande wa pili. Mama mkubwa aliviweka kimoja kimoja, akageuza kimoja ambacho kichwa chake kilitazama vibaya, akakisawazisha kwa ncha ya kucha. Sawasawa. Kwenye maneno 10 alikumbuka mawili. Hapo hapakuwa na penseli ya kusingizia.

Kipimo hicho kilitengenezwa kunasa demensia, si upungufu mdogo, kwa hiyo mtu akifaulu bado anaweza kuwa mlangoni. Lakini kilituondolea kosa la kuhesabu ukosefu wa shule kama ugonjwa.

Vinavyofanana na mwanzo wa demensia

Muuguzi hakuishia kwenye vijiti. Alisema tumwage mezani dawa zote anazotumia. Katikati ya vidonge vya presha vikatoka vingine, vidogo vya njano, vile vya mafua. Tangu baba mkubwa afariki alikuwa hapati usingizi, na muuzaji wa dawa alimpa hivyo kwa kuwa vinalaza. Vinalaza kweli. Kwa mzee vinalaza na kumbukumbu pia, na yeye alikuwa anameza kila usiku kwa karibu mwaka mzima.

Hii ndiyo sehemu ambayo ubashiri wa maana huanzia, kwa sababu kabla hujauliza mtu ataelekea wapi lazima uondoe vinavyoweza kuondolewa. Vidonge vya usingizi na baadhi ya vidonge vya mzio. Huzuni iliyokaa muda mrefu. Upungufu wa vitamini B12, ambao unaweza kumpata hata mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformini kwa miaka. Tezi ya shingo isiyotoa homoni ya kutosha. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini hawajasahau enzi ambazo uvimbe wa tezi ulikuwa wa kawaida vijijini, kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto. Kaswende ya muda mrefu. Damu iliyovuja taratibu ndani ya fuvu baada ya kuanguka na bodaboda wiki kadhaa zilizopita. Pombe ya kila siku: ulanzi kwa ndugu zetu wa Iringa, na komoni kwa sisi wa huku. Masikio yasiyosikia, maana ambaye hakusikia hawezi kukumbuka. Mtoto wa jicho.

Virusi vya Ukimwi pia, na hapa tusione haya. Kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023, Njombe iliongoza nchi kwa maambukizi ya asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Shukrani kwa dawa, watu hao sasa wanazeeka. Virusi vyenyewe vinaweza kugusa kumbukumbu, hasa visipodhibitiwa, na bado wapo watoa huduma ambao hawafikirii kumpima bibi wa miaka 70.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa katika maisha ya mtu, kuanzia elimu ya utotoni, presha, kisukari na usikivu hadi moshi na hewa chafu, upweke na uoni hafifu, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusiana nayo. Hiyo ni hesabu ya dunia nzima. Si kwamba ukinunua miwani hatari yako inashuka kwa asilimia 45, kama mtangazaji mmoja wa redio alivyotuambia. Dawa mpya za kuondoa amiloidi, lecanemab na donanemab, zipo tangu 2023 na 2024. Hupunguza kasi kwa kiasi, hutolewa zaidi kwa dripu, huhitaji picha za ubongo mara kwa mara kwa hofu ya kuvuja damu, na ni ghali mno. Sina la kuwaongezea hapo.

Kuhusu shangazi, nilimwambia neno moja tu. Ajuza anayekutwa alfajiri uani kwa watu, hana nguo, hajui alikotoka, husemwa ameanguka na ungo. Macho mekundu ya miaka 50 ya moshi wa kuni yanafanywa ushahidi. Ukitazama vizuri utaona ni mgonjwa wa demensia aliyepotea njia ya kwenda chooni. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamhesabia kosa anayemtangazia mwenzake uchawi, na ramli chonganishi imeshaua wazee wasio na hatia. Shangazi hakujibu. Jirani wake hajatajwa tena, angalau mbele yangu.

Kaka tulimpa kazi. Upungufu mdogo ni kipindi ambacho mtu bado anaweza kuamua, na kuamua kwake kunasimama kisheria. Kwa hiyo shamba la Kiwira, nani anajua namba ya siri ya simu yake ya pesa, akizidiwa anataka kukaa kwa nani: yote hayo aliulizwa yeye, na aliyajibu bila kusita, moja likimkera binti wa mwisho. Kaka pia anaandika kwenye daftari kila mwezi mambo matatu: chenji, dawa, na kama alipika bila kusaidiwa. Mtu mmoja akipimwa mara mbili, kwa tofauti ya miezi sita hadi mwaka, mara nyingi husema mengi kuliko kikokotoo, kwa kuwa analinganishwa na nafsi yake mwenyewe.

Vidonge vya njano tuliviacha, na kina mama wa jumuiya wakaanza kupita jioni. Miezi sita baadaye tulirudi kwa muuguzi. Chenji imetulia. Chumvi imerudi kwenye mboga. Vijiti vilikwenda vizuri tena. Maneno 10 yalirudi manne, ambayo ni afadhali kuliko mawili na bado ni machache kwa mtu kama yeye, hivyo karatasi ilibaki na maneno yale yale ya mwanzo. Kaka hakuweza kujizuia, akauliza tena miaka. Muuguzi akamwandikia tarehe ya kurudi.

Siku hiyo kiberiti cha hospitali kilikuwa kimekwisha, tukatumia cha mama mkubwa, anachotembea nacho kwenye pindo la kitenge. Tulipofika mlangoni akageuka, akanyoosha mkono, akadai kiberiti chake. Mwavuli tuliusahau sote watatu, na tulilowa hadi Uyole.